Sahani Namba Kumi na Saba

Asubuhi hii, Masaka, jenereta haijazimwa,
nimeifungua sahani ya mtoto wa Nyendo:
miaka mitatu, kuhara damu, homa siku ya tano.
Juzi nilikiotesha kinyesi chake
nikapanga juu yake viduara sita vya karatasi,
kila kimoja kimelowa dawa yake.

Dawa ikishinda hujifyekea uwanja,
duara tupu, kama ua lililofagiwa
kabla wageni hawajafika.
Leo sikuona ua.
Bakteria wameota hadi ukingoni mwa karatasi,
wameiegemea tetrasaiklini
kama vijana kwenye ukuta wa duka lililofungwa.

Napima kwa rula, maana ndiyo kazi.
Ampisilini, milimita sita.
Siprofloksasini, sita.
Sita ni upana wa karatasi yenyewe.
Sita maana yake hakuna.

Mama, naandika jibu la maabara
na mkono unakuandikia wewe.

Banda letu la Kyabakuza: maranda yaliyolowa,
harufu ya kukata macho, kuku mia tatu wa mayai,
na redio uliyowawashia usiku wasishtuke na panya.
Kazi yangu kabla ya shule
ilikuwa kuchana pakiti ya unga wa njano,
kuumimina ndooni, kukoroga kwa mwiko
mpaka maji yafanane na juisi ya pasheni.
"Ongeza," ulisema. "Yule wa pembeni kakunja shingo."
Hakuna aliyekuwa mgonjwa bado.
Tulikuwa tunautibu woga.

Kyeswa wa duka la dawa, aliyepima kwa kifuniko cha soda,
alikwambia mayai yasiuzwe siku saba.
Ukacheka mpaka ukashika mlango.
"Kuku hajui kalenda, Kyeswa,
na mhasibu wa shule haijui huruma."
Alfajiri trei zikapanda bodaboda,
zikawafikia wakaanga rolekisi wa stendi
kabla hawajawasha mkaa.

Kwa trei hizo nikasoma.
Kwa trei hizo nikajua majina ya visivyoonekana.
Sikujua kwamba ndani ya ndoo mlikuwa na darasa jingine,
wanafunzi wasio na sare,
somo moja kila wiki:
unga wa njano, unga wa njano.
Wengi walikufa. Waliobaki walinakili,
wakapeana majibu, hata na wageni wasio wa ukoo wao,
na hapakuwa na msimamizi wa mtihani.
Kisha wakatoka. Kwa mbolea, hadi kwenye nakati za jirani.
Kwa maganda ya mayai. Kwa kucha zangu.

Tumehitimu pamoja, Mama.
Karo ilikuwa moja.

Nabbosa, mamake mtoto, yuko kwenye benchi la korido,
kanga imefungwa vibaya, kiatu kimoja mkononi.
Ameniuliza kama ni maji.
Nikasema tunaendelea kutazama.
Sahani haitaji anwani. Haisemi banda la nani,
na ningeweza kulala juu ya hilo
kama si rangi ile ya njano
inayorudi kila ninapofumba macho.

Imebaki dawa moja, ya sindano. Stoo hawana.
Daktari anapiga simu Kampala, anasubiri,
anapiga tena.

Jioni nitakuja. Sitakuja na hotuba,
sina haki nayo, nimekula ndani yake miaka ishirini.
Utanikaangia mawili, kama kawaida,
kiini kikitetemeka nilivyozoea kukipenda,
nami nitakuomba uyaache motoni zaidi.

Utanitazama, mwiko ukiwa hewani.
Utaniuliza nimeanza lini
kuyaogopa mayai yako.